Kitanda Chenye Matofali

Fomu inasema: eleza kwa maneno yako mwenyewe,
kisha inanipa mistari sita.
Basi nabana herufi.

Mimi ni Corinne, mke wa Verlyn Haugstad,
miaka ishirini na minane ya ndoa, hapa Duluth, mtaa wa mlimani,
ambako theluji huwahi na barua huchelewa.
Sikuwa naye Kuwait. Hilo liandikeni.
Sikumwona akitafuna kahawa kavu kutoka kwenye pakiti
asije akasinzia kwenye usukani wa lori la mafuta,
wala sikuuona moshi uliogeuza adhuhuri usiku.
Alichorudi nacho nakijua kwa masikio:
saa nane usiku anaketi ghafla
kama mtu aliyeitwa jina,
anashika koo, anameza, anameza tena,
na kilichopaswa kukaa chini hakikubali kukaa chini.

Kiungulia, mnaandika,
kana kwamba amezidisha vitunguu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Changu nakijua. Kichwani tumekiinua kwa matofali mawili
yaliyobaki tulipobomoa dohani,
kwa hiyo tunalala mteremko,
na kila alfajiri najikuta nimeporomoka hadi miguuni
kama mzigo uliofungwa ovyo.
Asilimia ngapi, hiyo?

Barua ya kwanza ilisema hakuna kumbukumbu ya ugonjwa huu jeshini.
Kweli. Hakuna.
Mlimfundisha kumeza: vumbi, amri, jina la rafiki,
halafu mnauliza mbona hakutema ushahidi.
Kumbukumbu iliyopo ni ya mgongo.
Mgongo mliukubali, mkaulipa,
mkaupa vidonge vyeupe vikubwa kama maharage,
vitatu kwa siku, miaka kumi na mmoja.
Vikatuliza mgongo, vikala tumbo.
Daktari Okerlund ameliandika hilo:
"uwezekano wake haupungui nusu."
Sentensi baridi kama sahani ya jana,
lakini Tervo wa ofisi ya kaunti alipoisoma
alipiga meza, kahawa ikamwagikia faili.
Mtusamehe lile doa, ukurasa wa nne.

"Sasa tukate rufaa," Tervo akasema.
Verlyn akacheka mpaka akacheua.
"Ipande tu. Kwangu mimi kila kitu hupanda."

Mwezi Machi jaji akatokea kwenye skrini,
mama mwenye miwani myekundu,
uso ukiganda kila upepo wa ziwa ulipovuma.
Akauliza: Bwana Haugstad, unalalia mito mingapi?
Na mume wangu, aliyepitisha mafuta kando ya moto,
akaona haya.
Akanitazama mimi.
"Mitatu," akasema. "Na matofali."
Niliona kalamu ya jaji ikienda.
Hadi leo natamani kujua iliandika kipi.

Alitupa siku tisini za kuongeza ushahidi.
Huu ndio.
Kwenye harusi ya binti yetu Signe alikula viazi vitupu,
na wenzake walipokata keki
alikuwa nje, amesimama wima kwenye baridi,
kwa sababu kuketi kunamchoma.
Signe alidhani baba amekasirika.
Hatujawahi kumweleza.

Mistari imekwisha. Naandika pembeni,
nimeigeuza karatasi ubavu.
Kuna jambo moja sijui kama niliseme:
jana alilala mpaka saa kumi.
Nimelikata. Nimeliandika tena.
Mkilisoma mnaweza kusema amepona,
nami naapa kwamba haya ni kweli kadiri nijuavyo,
na nijuavyo ni kwamba yeye alilala,
mimi nikakesha kule chini ya mteremko
nikilisikiliza koo lake,
jinsi wengine wanavyosikiliza mlango.